Zabuni za umma na aya ya deni: Shahidi yuko wapi?

AYA iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu haisimulii vita wala kisa cha umma uliopita. Ni aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, nayo inahusu deni. Humo waumini wanaelekezwa kuliandika deni lenye muda maalumu, kumtafuta mwandishi atakayeandika kwa uadilifu, kuweka mashahidi, na kutochoka kuandika, liwe deni dogo au kubwa. Wengi wetu tumeisikia ikisomwa, na wafanyabiashara wetu hupenda kuitaja pale mteja anapoona haya kutia saini. Lakini kipo kipande karibu na mwisho wake ambacho hakitajwi mara nyingi, nacho ni kile kinachokataza mwandishi na shahidi kudhuriwa.

Ndugu msomaji, tumeianza Ijumaa ya leo na aya hiyo kwa sababu tunakusudia kuzungumzia jambo ambalo ni nadra kupata nafasi katika ukurasa kama huu, nalo ni zabuni za umma, na hasa chombo kimoja kiitwacho mapatano ya uadilifu. Pengine msomaji atauliza zabuni zina uhusiano gani na dini yake. Zahanati anayojifungulia binti yake ilijengwa kwa zabuni. Dawa zilizomo, au zisizokuwamo, zilinunuliwa kwa zabuni. Serikali inapokusanya ushuru wa muuza mchicha na kodi ya mwenye duka, imebeba deni la watu wote hao, na deni hilo hulipwa kwa barabara, maji na madarasa. Likiliwa njiani, wenye deni ni wengi kiasi kwamba hata toba yake ni ngumu, maana atakayetaka kuwaomba radhi hajui aanze kubisha hodi mlango wa nani.

Tuanze na jambo dogo tulilolishuhudia wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwemo katika kamati ya ujenzi ya shule moja, ambayo hatutaitaja. Palihitajika tangi la maji na mnara wa kuliwekea. Utaratibu ulitaka ankara kifani tatu kutoka kwa wauzaji watatu tofauti ili kamati ilinganishe bei na kuchagua. Ankara zikaletwa, tatu kamili, kila moja na mhuri wake. Mzee mmoja katika kamati, fundi cherehani aliyekwisha kustaafu, akazipanga mezani na kuzitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza kwa upole, imekuwaje maduka matatu yaliyo katika mitaa mitatu yote yakaandika "rita" badala ya "lita", tena kwa mwandiko wenye mkia wa namna moja? Kikao kikanyamaza. Mwenyekiti akasema tusipoteze muda, mvua zinakaribia. Kwa mzee huyu tutarejea.

Ankara zile tatu ni picha ndogo ya mambo yanayofanyika kwa mabilioni. Wazabuni hukutana pembeni wakapangiana nani ashinde safari hii na nani safari ijayo, na wale wa kushindwa wakaweka bei za juu kwa makusudi. Vigezo vya gari linalotakiwa huandikwa kwa namna ambayo gari moja tu duniani linaweza kuvitimiza. Makisio ya gharama huvimbishwa mapema ili "cha juu" kiwe kimekwisha kupatiwa nafasi yake. Na mkandarasi mwingine hushinda kwa bei ya chini inayomshangaza kila mtu, kisha baada ya miezi sita ikaanza kuja barua ya kazi za nyongeza, na nyingine, na nyingine, hadi bei ya chini ikawa ndiyo ya juu kuliko zote.

Tumezungumza na wakandarasi kwa nyakati mbalimbali kuhusu jambo hili, na lililotushangaza ni kwamba maneno tunayoyasikia mara nyingi si ya ulafi bali ya woga. Mtu anasema, mimi sipendi kutoa, lakini nina hakika mwenzangu ametoa, nami nisipotoa vijana wangu watakaa bila kazi. Mwenzake ukimuuliza anasema hayo hayo juu yake. Kila mmoja anatoa kwa sababu anamdhania mwenzake, na mwishowe wote wametoa, hakuna aliyepata faida juu ya mwingine, na aliyelipa yote ni mwananchi. Hakuna anayeweza kuacha peke yake bila kuumia. Wakiacha wote kwa pamoja, kwa siku moja, hakuna atakayeumia.

Hapo ndipo fikra ya mapatano ya uadilifu ilipozaliwa, na kwa upande fulani ilizaliwa jirani nasi. Bwana Peter Eigen, Mjerumani, alikuwa mkuu wa ofisi ya Benki ya Dunia ya Afrika Mashariki mjini Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1980. Huko aliona miradi isiyo na maana kwa wananchi ikisukumwa mbele kwa sababu ya hongo zilizotolewa na makampuni ya nchi tajiri, zikiwemo za kwao. Alipotaka kulivalia njuga jambo hilo, waajiri wake walimwambia halikuwa la Benki. Akaondoka, na mwaka 1993 yeye na wenzake wakaanzisha mjini Berlin taasisi ya Transparency International. Katika miaka hiyo hiyo ya 1990 taasisi hiyo ikabuni mapatano haya.

Namna yanavyofanya kazi si ngumu kueleweka. Kabla ya zabuni kufunguliwa, taasisi inayonunua na wazabuni wote wanaoshindania kazi hutia saini waraka mmoja. Taasisi inaahidi kwamba hakuna ofisa wake atakayedai wala kupokea kitu. Wazabuni wanaahidi kutotoa, kutopangiana bei, na kutaja waziwazi kila malipo waliyompa wakala au dalali kuhusiana na kazi hiyo. Adhabu huandikwa mapema ili asiwepo wa kusema hakujua: kunyang'anywa kazi, kupoteza dhamana ya zabuni, kulipa fidia, kufungiwa kushiriki zabuni kwa muda. Na juu ya yote hayo anawekwa mtazamaji wa nje, asiye wa serikali wala wa kampuni, mwenye haki ya kusoma nyaraka zote, kuhudhuria vikao, na kusema hadharani anapoona mambo yanakwenda kombo. Hiki cha mwisho ndicho tunachotaka msomaji akishike, kwa kuwa mengine yote yanakitegemea.

Mfano unaotajwa sana unatoka Karachi, Pakistan, jiji la bandari ambalo majahazi ya pwani yetu yamelijua kwa muda mrefu. Mwaka 2001 Shirika la Maji na Majitaka la Karachi lilikubaliana na tawi la Transparency nchini humo kutumia mapatano ya uadilifu katika mradi wa K-III, uliokusudiwa kuliongezea jiji galoni milioni 100 za maji kwa siku. Katika zabuni ya washauri wa kihandisi, makisio yalikuwa Rupia milioni 249. Wazabuni wote walitia saini, watazamaji wakakaa, na kazi ikatolewa kwa takriban Rupia milioni 62. Tofauti ni milioni 187, yaani robo tatu ya makisio.

Sisi takwimu hiyo tunaipokea kwa tahadhari ya mnunuzi wa sokoni. Makisio ni karatasi, na muuzaji anayeanza na bei ya elfu kumi kisha akakuuzia kwa elfu mbili na mia tano huenda hakukupa zawadi yoyote, bali alianza na uongo. Hata hivyo, tukiitazama kwa jicho hilo, habari ya Karachi inazidi kuwa na uzito. Ikiwa kazi ingeweza kufanywa kwa robo ya bei, basi robo tatu zilikuwa zimekwisha kuandikwa ndani ya makisio na watu wenye elimu na kalamu, na zingelipwa bila mtu kuvunja kufuli. Na haya yangetokea katika jiji ambalo mama wa mtaa wa mabanda hununua maji kwa debe kutoka kwenye magari ya matangi. Maji ya K-III yalianza kufika mwaka 2006.

Baada ya Karachi, Pakistan haikubaki na mfano mmoja. Kanuni za manunuzi za mwaka 2004 zikaagiza kwamba zabuni zinazozidi kiwango maalumu, ambacho kiliwekwa kuwa Rupia milioni 10, ziwe na mapatano ya uadilifu. Fomu yake tumeisoma, nayo ni kali. Muuzaji anatamka kwamba ametaja kila kamisheni na kila malipo ya udalali, na akigundulika ametoa hongo, atailipa serikali fidia ya mara kumi ya alichokitoa. Mtu akiisoma anaweza kudhani kwamba rushwa imekwisha katika nchi ile. Haikwisha. Kwa maoni yetu sababu iko wazi. Fomu hiyo inamfunga muuzaji peke yake. Ofisa hatamki neno, na yule mtazamaji wa nje aliyekuwepo Karachi hamo ndani yake. Kilichoanza kuwa mapatano ya pande mbili mbele ya shahidi kikawa karatasi moja zaidi katika rundo la karatasi, inayosainiwa na karani wa kampuni kati ya cheti cha kodi na nakala ya leseni.

Suala la kutaja malipo ya wakala linahitaji tulisimamie kidogo, maana ndipo hila nyingi zinapojificha. Katika Sahihi za Bukhari na Muslim imesimuliwa habari ya mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya, ambaye Mtume (S.A.W.) alimtuma kukusanya zaka. Aliporudi aliitenga mali mafungu mawili, akasema hili ni lenu na hili nimezawadiwa mimi. Mtume (S.A.W.) alipanda mimbari, akahoji mbele ya watu kama mtu huyo angebaki nyumbani kwa baba yake na mama yake zawadi hizo zingemfuata huko. Wanazuoni wamekijenga juu ya kisa hiki kipimo chepesi cha kutofautisha zawadi na hongo: iulizwe kama ingetolewa lau mpokeaji asingekuwa na cheo. Nasi hapa nyumbani tuliwahi kujaribu kukikwepa kipimo hicho kisheria. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliiruhusu "takrima" kwa jina la ukarimu wa Kiafrika, hadi Mahakama Kuu ilipoyatengua mwaka 2006. Neno lenyewe ni la Kiarabu na asili yake ni ukarimu, jambo ambalo kwa hakika lilizidisha uchungu.

Katika zabuni kubwa zawadi haiendi moja kwa moja kwa mkubwa. Inapitia kwa wakala, naye huandikiwa "ada ya ushauri". Watanzania tunao mfano wetu. Serikali ilinunua rada kutoka kampuni ya BAE Systems ya Uingereza kwa takriban Pauni milioni 28, na ikaja kufahamika kwamba Dola zipatazo milioni 12 zilikwenda kwa makampuni ya wakala, yaani karibu theluthi ya bei. Desemba 2010 kampuni hiyo ilikiri mbele ya mahakama ya Uingereza, si kosa la rushwa, bali la kutoweka kumbukumbu za hesabu zinazoeleweka kuhusu malipo hayo. Ikatozwa faini ya Pauni 500,000, na ikakubali kuwalipa wananchi wa Tanzania Pauni milioni 29.5. Fedha hizo, ambazo mitaani tuliziita "chenji ya rada", ziliingia mwaka 2012 na zikanunua vitabu na madawati.

Msomaji na apime mwenyewe. Lau siku ya zabuni ile pangekuwa na waraka unaowataka wauzaji wote kutaja kila senti ya wakala, na mtu wa nje mwenye ruhusa ya kuuliza, isingehitajika kungoja miaka kumi na wachunguzi wa nchi nyingine. Swali la ni kazi gani ya ushauri inayolipwa theluthi ya bei ya bidhaa lingeweza kuulizwa hata na yule fundi cherehani.

Sasa tutazame mahali ambapo mapatano yalipewa meno. India iliyaingiza katika ununuzi wa silaha tangu mwaka 2006, na mwaka uliofuata Tume Kuu ya Uangalizi ya nchi hiyo ikayapendekeza kwa mashirika ya umma. Mwaka 2010 Wizara ya Ulinzi iliagiza helikopta 12 za kubebea viongozi wakuu kutoka kampuni ya AgustaWestland, kwa takriban Euro milioni 556, na mapatano ya uadilifu yakiwa yamesainiwa. Mapema mwaka 2013 waendesha mashtaka wa Italia walimkamata mkuu wa kampuni mama kwa tuhuma za hongo katika biashara hiyo. Helikopta tatu zilikuwa zimekwisha kufika. Tarehe 1 Januari 2014 India iliuvunja mkataba, ikitaja uvunjaji wa mapatano ya uadilifu, na ikazidai dhamana zilizowekwa benki.

Faida ya chombo hiki ilionekana hapo. Kesi ya jinai huchukua miaka, na bila mapatano serikali hulazimika kuendelea kulipa huku ikingoja hukumu. Kwa mapatano, mnunuzi na muuzaji walikwisha kukubaliana mapema nini kitafuata.

Lakini haki inatutaka tuieleze habari yote. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya Milano iliwaachia huru wakuu wawili wa makampuni hayo kwa kutoona ushahidi wa kutosha, na mwaka 2019 mahakama ya juu ya Italia ikaliacha jambo hivyo, wakati mashauri ya upande wa India yaliendelea. Tunafikiri msomaji muadilifu hataliruka jambo hili. Chombo kinachomwezesha mnunuzi kuvunja mkataba kabla ya hukumu kinaweza kumwezesha pia kumkomoa asiye na kosa, au kumwondoa mshindi asiyempenda ili ampe kazi jamaa yake. Ndiyo maana uamuzi wa kuadhibu haufai kuachwa mikononi mwa taasisi pekee. Mapatano yaliyoandikwa vizuri huupeleka ugomvi kwa msuluhishi, na humtaka mtazamaji wa nje aandike alichokiona. Tunarudi kwa shahidi tena.

Hata shahidi naye ana mipaka yake. Berlin, mji ule ule wa Transparency, ilikuwa na kiwanja kipya cha ndege cha kujenga, na mwaka 2005 kampuni ya kiwanja hicho ilitia saini mapatano ya uadilifu na tawi la taasisi hiyo la Ujerumani. Kiwanja kilichokusudiwa kufunguliwa mwaka 2011 kilifunguliwa Oktoba 2020, gharama zikiwa zimepanda mara kadhaa. Sehemu kubwa ya aibu hiyo ilitokana na usanifu mbovu na usimamizi wa kubadilisha mawazo kila siku, mambo ambayo mapatano hayaponyi. Lakini hongo nayo ilikuwepo. Mwaka 2016 mahakama ya Cottbus ilimfunga meneja wa zamani wa kampuni ya kiwanja kwa kupokea Euro 150,000 kutoka kampuni moja ya uhandisi ili malipo yake ya nyongeza yapitishwe haraka. Angalia ilikotoka: si katika kufungua zabuni, ambako macho yote yalikuwapo, bali baadaye, katika nyongeza na malipo, wakati watazamaji wengi huwa wamekwisha kwenda nyumbani. Mapatano yanayokoma siku mshindi anapotangazwa yamelinda mlango wa mbele na kuuacha wa uani.

Katika nchi tulizozisoma, iliyotupendeza zaidi kwa jina lake ni Mexico. Huko mtazamaji huyu huitwa shahidi wa jamii. Mwaka 2009 cheo chake kiliingizwa katika sheria ya manunuzi kwa zabuni zinazozidi kiwango kikubwa cha fedha. Hushiriki tangu maandalizi, huhudhuria vikao, na mwishoni hutakiwa kuandika ushuhuda wake, nao ukatangazwa ili umma usome. Hana kura. Hawezi kumchagua mshindi wala kumzuia. Anachoweza ni kuona na kusema alichoona, na inatosha kumfanya mtu mwenye bahasha mfukoni afikiri mara mbili.

Maswali magumu yanamhusu yeye. Nani amteue, nani amlipe, na nani amlinde? India watazamaji wengi wa nje ni maofisa wakubwa waliostaafu, wanaheshimika na wanajua njia zote za ofisi, lakini posho yao hulipwa na shirika lile lile wanalolitazama. Hatumtuhumu yeyote. Tunasema tu kwamba mwamuzi anayelipwa nauli na timu moja huhitaji imani kubwa kuliko wengine. Wanahistoria wanasimulia kwamba Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.) alipotaka kuchunguza mali za magavana hakumwachia gavana amteue mchunguzi wake, alimtuma Muhammad bin Maslama kutoka Madina, akafika Misri akiwa hana deni la fadhila kwa mtu wa huko.

Kuhusu ulinzi, hatuhitaji kwenda mbali. Agosti 2021, Afrika Kusini, Bi Babita Deokaran, ofisa mwandamizi wa fedha katika idara ya afya ya jimbo la Gauteng, alipigwa risasi nje ya nyumba yake Johannesburg muda mfupi baada ya kumpeleka mtoto shule. Wiki chache kabla ya hapo alikuwa ameyazuia malipo yenye mashaka ya manunuzi ya Hospitali ya Tembisa, yenye thamani ya mamia ya mamilioni ya Randi. Mwaka 2023 wanaume sita walikiri kuhusika na mauaji hayo wakafungwa. Alichokuwa akikifanya mama huyo ni kusoma ankara na kuuliza. Tukirudi kwenye aya ya deni, tunaona kwa nini agizo la kutomdhuru shahidi liliwekwa ndani ya aya ile ile inayoamrisha awepo. Kumwita mtu ashuhudie bila kumlinda ni kumtanguliza mbele ya simba.

Na sisi je? Tanzania haikosi karatasi. Chini ya Sheria ya Manunuzi ya Umma ya mwaka 2004 na kanuni zake, mzabuni alikuwa akijaza fomu ya kuahidi kwamba kampuni yake ina sera ya kupinga rushwa na itaifuata. Ikaja sheria ya mwaka 2011, kisha ya mwaka 2023, na pamoja nayo mfumo wa kielektroniki wa NeST, ambao umehamisha zabuni kutoka kwenye bahasha na masanduku. Ipo pia Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Tangu mwaka huo tumezoea kuwaona katika televisheni viongozi wakisha kuapishwa wakitia saini hati ya Ahadi ya Uadilifu.

Hayo ni mema, na si haki kuyabeza. NeST peke yake imepunguza nafasi ya mtu kuichungulia bahasha ya mwenzake. Lakini kompyuta haiwezi kujua kwamba wazabuni watatu waliokaa mbele ya skrini tatu walikunywa chai pamoja jana yake, wala kwamba vigezo vya jenereta viliandikwa na muuzaji wa jenereta. Na ahadi ya kiongozi mmoja mmoja, hata akiitamka kwa moyo safi, ni kati yake na Mola wake na aliyemteua. Haitaji zabuni fulani, haimhusishi mkandarasi fulani, wala haimpi mwananchi mlango wa kuingilia. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hufanya kazi kubwa, na ripoti zake huzua mjadala kila mwaka, lakini kwa desturi ya kazi yake anafika fedha zikiwa zimekwisha kuondoka. Anayekosekana ni yule wa kukaa kitini kabla.

Tungependa kuona halmashauri moja tu, hata iwe ndogo, ikijaribu katika zabuni moja inayowagusa watu, tuseme ya kisima au ya wodi ya wazazi. Watie saini wote, ofisa ununuzi na mwenyekiti wa bodi ya zabuni wakiwemo. Mtazamaji atoke nje ya halmashauri, alipwe kutoka mfuko ambao mkurugenzi hauidhinishi, na asiondoke hadi malipo ya mwisho. Ushuhuda wake ubandikwe penye mbao za matangazo, kwa Kiswahili. Wala hatuoni kwa nini kamati zetu za misikiti na madrasa, zinazojenga kwa fedha za waqfu na sadaka, zingoje serikali itangulie. Huko nako ankara za mwandiko mmoja tumeziona, ingawa huwa zinaanza na Bismillahi.

Tuliahidi kurejea kwa yule mzee fundi cherehani. Siku ile hakunyamaza. Aliomba wenye maduka matatu waitwe waje na ankara zao mbele ya kamati. Wawili hawakuja. Wa tatu alikuja, akaitazama ankara yenye mhuri wa duka lake na kusema kwamba hajapata kuiona. Tangi likanunuliwa kwake kwa bei iliyopungua kwa zaidi ya theluthi moja. Mwaka uliofuata, kamati ilipoundwa upya, jina la mzee halikuwemo, na tulisikia ikisemwa kwamba ni mtu wa maneno mengi.

Baadaye ilipotakiwa kuezekwa madarasa manne, mfadhili alishikilia kwamba pawe na shahidi kutoka kwa wazazi, na wajumbe wawili wakaenda kumfuata nyumbani. Alikuwa kibarazani, mashine yake ya zamani ikiwa pembeni. Akawakaribisha, akawauliza mambo mawili: karatasi ataonyeshwa kabla ya kutia saini au baada, na siku atakaposema jambo lisilopendeza, ni nani katika wao atakayesimama naye. Wajumbe wakatazamana, wakaomba wapewe muda wakashauriane na wenzao.